Namna ya Kupima Jinsi Bakteria Wanavyogawa Protini Zao Chakula Kinapobadilika: Jaribio la Siku Moja kwa Maabara za Dar es Salaam

Zaidi ya nusu ya uzito mkavu wa seli ya Escherichia coli ni protini. Baadhi ya protini hizo ni za ribosomu, yaani mitambo inayotengeneza protini zote za seli. Nyingine ni vimeng'enya pamoja na milango ya kuingizia chakula. Na nyingine hubaki katika kiasi kilekile hali yoyote iwavyo, kwa sababu seli haiwezi kuishi bila hizo. Nafasi ya protini ndani ya seli ina kikomo, hivyo fungu moja likiongezeka lazima jingine lipungue, na chakula kinapobadilika bakteria hulazimika kupanga upya mafungu hayo huku akiendelea kuishi. Upangaji huo huchukua muda, na muda huo unaweza kupimwa kwa vifaa vya kawaida vya maabara ya kufundishia.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi na walimu wa vyuo vya Dar es Salaam, awe msomaji yuko Mlimani, Muhimbili au katika chuo kidogo chenye otoklevu moja (chungu cha kutakasia kwa mvuke) na spektrofotometa moja (mashine inayopima mwanga unaozuiwa na sampuli). Jambo ninalotaka msomaji alishike tangu mwanzo ni kwamba kasi ya ukuaji wa bakteria, ikipimwa kwa uangalifu na katika joto lisilobadilika, inaonyesha jinsi seli ilivyogawa protini zake. Grafu iliyochorwa vizuri kwa kalamu inaweza kufundisha mengi kuliko mashine ya gharama kubwa isiyosimamiwa na mtu anayeelewa anachokitazama.

Unachokwenda kukipima

Tuanze na hesabu moja. Protini zote za ribosomu moja ya E. coli zikijumlishwa zina asidi amino zaidi ya 7,000, na ribosomu inayofanya kazi kwa kasi nzuri huunganisha asidi amino zipatazo 20 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba ribosomu moja inahitaji kama dakika sita ili kutengeneza protini za ribosomu nyingine mfano wake. Kama seli isingekuwa na protini nyingine yoyote, ingeweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika sita. Haiwezi, kwa sababu ribosomu hizohizo zinapaswa pia kutengeneza vimeng'enya vya kuvunja sukari, vya kutengeneza asidi amino, vya kujenga utando na vya kunakili jeni. Ndiyo maana hata katika chakula kinono kabisa, kwenye nyuzi 37 za Selsiasi, E. coli huhitaji kama dakika 20 kuongezeka maradufu.

Hali hii inafanana na mama lishe wa Kariakoo mwenye wasaidizi sita. Siku ambayo vitu vyote vimeletwa mlangoni, watano wanaweza kupika. Siku ambayo unga, samaki na kuni vinatafutwa mbali, watatu au wanne wapo njiani na sufuria zinapungua. Bakteria aliyewekwa kwenye chakula chenye asidi amino zilizokwisha tengenezwa hutumia fungu kubwa la protini zake kwa ribosomu na hukua haraka. Aliyewekwa kwenye chumvi na sukari tupu hulazimika kujitengenezea kila kitu, hivyo fungu la vimeng'enya hupanda, la ribosomu hushuka, na ukuaji hupungua.

Jambo hili lilianza kuonekana kwa takwimu mwaka 1958, pale Schaechter, Maaløe na Kjeldgaard walipopima bakteria wa Salmonella mjini Copenhagen katika vyakula vingi tofauti. Waligundua kwamba kiasi cha RNA ndani ya seli, ambayo sehemu yake kubwa ni RNA ya ribosomu, hufuata kasi ya ukuaji bila kujali chakula gani kimeleta kasi hiyo. Mwaka 2010 Matthew Scott, Terence Hwa na wenzao walionyesha kwa E. coli kwamba uwiano wa RNA kwa protini hupanda kwa mstari ulionyooka kadiri kasi ya ukuaji inavyopanda, na kwamba seli ikilazimishwa kutengeneza protini isiyoihitaji, kasi yake hushuka pia kwa mstari ulionyooka. Kwa maneno mengine, protini yoyote isiyo na kazi inalipiwa kwa ukuaji.

Waliyoyapima hao ni bakteria walioko katika hali tulivu. Swali la mwongozo huu ni la hali inapobadilika, na hapo tunarudi nyuma hadi Paris, kwenye tasnifu ya Jacques Monod ya mwaka 1942. Monod aliwapa bakteria sukari mbili kwa pamoja akaona kwamba hawazili zote kwa wakati mmoja: walikua, wakasimama, kisha wakakua tena. Utafiti uliozaliwa na kusimama huko ulimfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1965, akiwa pamoja na François Jacob na André Lwoff. Kusimama huko ndiko tutakakokupima.

Kuchagua bakteria

Tumia E. coli wa kundi la K-12, na ikiwezekana MG1655, ambaye hana madhara kwa mtu mwenye afya akishikwa kwa kufuata taratibu za kawaida za maabara. Usijaribu kuokoa muda kwa kuotesha bakteria kutoka kinyesi, maji taka au Mto Msimbazi. Hutajua una nini mkononi, na maabara ya kufundishia haikuandaliwa kwa vimelea vya aina hiyo.

Hapa kuna mtego unaopoteza siku nzima za kazi. Maabara nyingi zinazofanya kazi za jeni zina E. coli aina ya DH5α kwenye friji, na ni rahisi kumchukua huyo kwa kuwa yupo tayari. DH5α ana upungufu katika jeni ya kimeng'enya kinachovunja laktosi, kwa hiyo ukimwekea glukosi na laktosi atakula glukosi, atasimama, na hatainuka tena. Mwanafunzi atasubiri mpaka jioni akidhani seli zinapanga upya protini zao, kumbe hazina uwezo wa kutengeneza protini inayotakiwa. Kabla ya siku ya jaribio, otesha bakteria wako kwenye laktosi peke yake na uhakikishe kwamba anakua.

Kutayarisha chakula

Chakula cha kuoteshea kinachofaa ni M9, kwa sababu kila kilichomo ndani yake kinajulikana. Kwa lita moja, yeyusha gramu 6 za Na2HPO4 isiyo na maji, gramu 3 za KH2PO4, gramu 0.5 za NaCl na gramu 1 ya NH4Cl. Takasa kwenye otoklevu kwa nyuzi 121 kwa dakika 15 na uache myeyusho upoe. Baada ya kupoa ndipo uongeze mililita 1 ya MgSO4 na mililita 0.1 ya CaCl2, kila moja ikiwa imetayarishwa kama myeyusho wa molari 1 na kutakaswa peke yake. Ukiziweka chumvi hizi mbili pamoja na fosfati kabla ya kutakasa, utatoa chupa yenye machicha meupe, na machicha hayo yatasomwa na spektrofotometa kana kwamba ni bakteria.

Sukari zichujwe kwa kichujio cha mikromita 0.22 badala ya kupikwa, kwa kuwa joto la otoklevu huziharibu kiasi. Tayarisha glukosi na laktosi kila moja kwenye chupa yake. Nunua glukosi ya maabara. Glukosi ya unga inayouzwa madukani kwa ajili ya kunywa mara nyingi imeongezewa madini au vitamini, na jaribio lote linategemea kujua kwa hakika ni chakula gani kimeisha na lini.

Maji nayo yanahitaji uangalifu wa pekee katika jiji hili. Visima vingi vya Dar es Salaam, hasa karibu na pwani, hutoa maji yenye chumvi, na maji ya bomba hubadilika kutoka mtaa hadi mtaa. Tumia maji yaliyokenekwa katika maabara yenu wenyewe. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta siyapendekezi, kwa kuwa hakuna anayekuhakikishia usafi wake. Unyevu wa hewa pia ni adui wa mizani: kalisi kloridi ikiachwa wazi mezani hunyonya maji ikaanza kulowa, hivyo gramu unayoipima inakuwa na maji ndani yake. Pima haraka, funga chombo, na kihifadhi pamoja na silika jeli.

Mbegu ya usiku, na kwa nini ndiyo sehemu muhimu kuliko zote

Bakteria huingia kwenye jaribio akiwa na protini alizotengeneza jana. Hili husahaulika mara nyingi, na ndilo linalofanya makundi mawili ya wanafunzi katika chumba kimoja kupata majibu tofauti. Ukichukua mbegu, yaani bakteria wa kuanzishia jaribio, kutoka kwenye chakula kinono, seli zitafika kwenye M9 zikiwa na ribosomu nyingi na vimeng'enya vichache vya kutengeneza asidi amino, kwa hiyo zitasimama mwanzoni kabisa, na kusimama huko hakuhusiani na laktosi hata kidogo.

Siku iliyotangulia, jioni, otesha mbegu mbili: moja kwenye M9 yenye glukosi gramu 2 kwa lita, nyingine kwenye M9 yenye laktosi gramu 2 kwa lita. Asubuhi zitakuwa zimejaa na kulala. Zipunguze mara 20 hadi 50 kwenye chakula kipya cha aina ileile na uziache zikue mpaka ziwe katika ukuaji wa kasi isiyobadilika, maana tunataka seli zianze jaribio zikiwa zimeshapanga protini zao kwa chakula kimoja na zimetulia. Anayetaka kuanza jaribio saa mbili asubuhi anapaswa kufika maabara alfajiri kwa ajili ya hatua hii, au apange mbegu iliyopunguzwa sana usiku ili asubuhi aikute bado inakua.

Wakati wa kuhamisha, ondoa mabaki ya chakula cha zamani kwa kuzungusha seli kwenye sentrifuji kwa upole na kuziosha mara moja kwa M9 isiyo na sukari yenye joto la nyuzi 37. Maji baridi yangezishtua seli na kuongeza kusimama kwingine kusikotakiwa.

Siku yenyewe

Andaa chupa nne za koni za mililita 250, kila moja ikiwa na mililita 50 tu za M9, ili hewa ipate nafasi. Chupa ya kwanza ipate glukosi gramu 2 kwa lita na mbegu ya glukosi. Ya pili ipate laktosi gramu 2 kwa lita na mbegu ya laktosi. Ya tatu, ambayo ndiyo jaribio lenyewe, ipate glukosi gramu 0.25 na laktosi gramu 1 kwa lita pamoja na mbegu ya glukosi. Ya nne ipate mchanganyiko uleule wa ya tatu, lakini kwa mbegu ya laktosi. Zote zianze na usomaji wa mwanga wa karibu 0.04 kwenye nanomita 600, ziwekwe kwenye beseni la maji lenye kidhibiti joto kwa nyuzi 37, na zitikiswe kwa nguvu.

Kiasi cha glukosi katika chupa ya tatu kimechaguliwa kwa makusudi. Gramu 0.25 kwa lita huwafikisha bakteria kwenye usomaji wa karibu 0.3, ambapo spektrofotometa nyingi bado zinasoma kwa uaminifu. Ukiweka glukosi nyingi, kusimama kutatokea mahali ambapo mashine imeanza kudanganya, kwa kuwa bakteria wakiwa wengi sana mwanga hutawanyika mara mbilimbili na usomaji hautafautishi tena 0.9 na 1.1. Usomaji wowote unaozidi 0.4 upunguze kwa M9 kabla ya kupima, kisha uzidishe.

Soma kila chupa kila baada ya dakika 15, na uandike saa halisi ya kila usomaji, siyo saa uliyokusudia. Chupa ya tatu ikifika 0.2, anza kuisoma kila baada ya dakika 5, na usiache mpaka iwe imeinuka tena kwa nusu saa nzima. Watu wengi huenda kula wakati huu kwa kuwa namba zimeacha kubadilika. Namba zisizobadilika ndizo tulizozifuata.

Chumba cha maabara kisicho na kiyoyozi hapa kwetu huwa na nyuzi 28 hadi 32, na katika joto hilo E. coli anaendelea kukua vizuri tu. Sampuli iliyoachwa mezani kwa dakika kumi wakati unasubiri zamu ya mashine siyo tena sampuli ya wakati uliouandika. Kama kuna foleni, ziweke kyuveti (vikopo vya kusomea mwanga) kwenye barafu iliyochanganywa na maji, na uzifute nje kabla ya kuzisoma kwa sababu umande utaziba mwanga.

Kusoma grafu

Chora logarithi ya usomaji kwenye mhimili wima na muda kwenye mhimili mlalo. Sehemu iliyonyooka ni ukuaji wa kasi isiyobadilika, na mwinuko wake ndio kasi ya ukuaji. Tuseme chupa ya kwanza ilisoma 0.08 saa tatu kamili na 0.16 saa nne kamili: muda wa kuongezeka maradufu ni dakika 60, na kasi ni 0.69 kwa saa, yaani logarithi asilia ya 2 ikigawanywa kwa saa moja. Hiyo ni kasi ya kawaida kwa MG1655 kwenye M9 yenye glukosi.

Ikienda hivyo, chupa ya tatu itakuwa karibu na 0.3 inapokaribia saa tano asubuhi, na hapo mstari utapinda kwa ghafla na kuwa karibu bapa. Kwa muda huo seli zina laktosi tele nje na hazina uwezo wa kuitumia. Wakati glukosi ilipokuwa ikiingia, mojawapo ya protini za mfumo wa kuiingiza ilikuwa ikijishikiza kwenye mlango wa laktosi na kuufunga, na jeni za laktosi zilikuwa zimezimwa. Glukosi inapoisha, mlango hufunguliwa, molekuli ya ishara iitwayo cAMP hupanda, na jeni hizo huwashwa. Wakati huohuo molekuli nyingine, ppGpp, hupanda na kupunguza utengenezaji wa ribosomu mpya, ili malighafi chache zilizobaki zielekezwe kwenye kinachohitajika.

Kimeng'enya kinachotakiwa, beta-galaktosidasi, kina minyororo minne, kila mmoja wa asidi amino 1,024. Ribosomu humaliza mnyororo mmoja kwa takriban dakika moja hadi mbili. Kama kutengeneza mnyororo ndicho kikwazo, kusimama kungekuwa kwa dakika chache tu, lakini wewe utaona pengine nusu saa au zaidi. Seli inatakiwa kujenga vimeng'enya vya kula wakati haina cha kula, kwa asidi amino na nishati inayokusanya kutoka kwenye mabaki, na mpaka vimeng'enya hivyo viwe sehemu ya kutosha ya protini zake zote ndipo ukuaji unaporejea. Pima muda huu kwa kurefusha mistari miwili iliyonyooka, ule wa kabla na ule wa baada, mpaka ikate usawa wa kusimama. Umbali kati ya sehemu hizo mbili za kukatana ndio muda wa mpito.

Sasa linganisha na chupa ya nne. Seli zake ziliingia zikiwa na beta-galaktosidasi na milango ya laktosi nyingi. Zilikula glukosi kwanza kama wenzao, na hazikutengeneza zaidi, lakini protini hizo hazivunjwi haraka. Zinapungua kwa kugawanywa kati ya seli mama na mabinti. Kutoka 0.04 hadi 0.3 ni takriban vizazi vitatu, kwa hiyo kila seli imebaki na kama moja ya nane ya kiasi cha mwanzo. Sehemu hiyo ndogo inatosha kufupisha kusimama kwa kiasi kikubwa, wakati mwingine mpaka kusionekane. Chupa mbili zenye chakula kilekile, bakteria walewale na joto lilelile zimetoa mistari miwili tofauti kwa sababu ya protini zilizorithiwa. Kwa maoni yangu hakuna sehemu ya jaribio hili inayomfunza mwanafunzi zaidi ya ulinganisho huu.

Kuthibitisha kwa rangi ya njano

Kama maabara ina ONPG, kemikali isiyo na rangi ambayo hutoa rangi ya njano ikivunjwa na beta-galaktosidasi, unaweza kuhesabu kimeng'enya chenyewe. Chukua sampuli za chupa ya tatu kabla ya kusimama, katikati, na baada ya kuinuka, na uziweke kwenye barafu. Zitoboe seli kwa matone ya klorofomu na sabuni ya SDS ndani ya bafa, ongeza mililita 0.2 za ONPG yenye miligramu 4 kwa mililita, na uanze kuhesabu muda. Rangi ya njano ikitosha, simamisha kwa mililita 0.5 za Na2CO3 ya molari 1 na usome kwenye nanomita 420 na 550. Kipimo cha Miller, yaani kiasi cha kazi ya kimeng'enya, ni 1,000 mara ya (usomaji wa 420 ukitoa 1.75 mara ya usomaji wa 550), kikigawanywa kwa zao la dakika, mililita za sampuli na usomaji wa 600. Sampuli ya wakati wa glukosi itabaki karibu bila rangi kwa muda mrefu, na ya mwisho itageuka njano ndani ya dakika chache. Klorofomu ishughulikiwe ndani ya kabati la kuvutia hewa.

Umeme ukikatika katikati ya jaribio

Hili litatokea, na linaweza kutoa grafu inayofanana kabisa na ile unayoitafuta. Mashine ya kutikisa ikisimama, oksijeni ndani ya chupa huisha upesi, seli huacha kupumua na kuanza kuchachusha, na mstari hupinda. Beseni la maji nalo huanza kupoa taratibu kuelekea joto la chumba. Ukiwa na chupa ya tatu peke yake, huna namna ya kujua kama mpindo huo ni wa glukosi kuisha au wa umeme. Ukiwa na chupa ya kwanza pembeni, yenye glukosi ya kutosha, jibu liko wazi: mpindo ukionekana katika chupa zote kwa dakika ileile, chanzo ni umeme, ukionekana katika ya tatu tu, ni protini.

Kupoa kuna fundisho lake. Watafiti wa Copenhagen walionyesha mwaka 1958 kwamba joto hubadilisha kasi ya ukuaji bila kubadilisha sana muundo wa seli. Seli inayokua polepole kwa sababu ya baridi ina uwiano wa RNA uleule iliokuwa nao ilipokua haraka kwenye nyuzi 37 katika chakula kilekile. Kila kitu kimepungua kasi kwa pamoja, ribosomu zikiwemo. Kwa hiyo kasi ya ukuaji haiwezi kutafsiriwa kuwa mgawanyo wa protini mpaka uwe na kipimajoto ndani ya maji na joto lake liandikwe pamoja na kila usomaji. Umeme ukikatika, tikisa chupa kwa mkono bila kuacha, ongeza maji ya moto kidogo kidogo kutoka kwenye chupa ya chai, na uandike kila kitu kwenye daftari.

Kwa wanaotaka kuendelea

Ukishamudu kushuka kwa chakula, jaribu kupandisha. Chukua chupa inayokua kwenye glukosi na uiongezee mchanganyiko wa asidi amino hadi gramu 2 kwa lita. Ukuaji utaongezeka, lakini si kila kitu kitaongezeka kwa pamoja: RNA hutangulia, uzito wa seli hufuata, na kujigawa kwa seli huchelewa sana. Katika Salmonella, idadi ya seli iliendelea kuongezeka kwa kasi ya zamani kwa kama dakika 70 baada ya chakula kuboreshwa. Anayesoma mwanga na anayehesabu makoloni kwenye sahani watapata majibu tofauti kwa saa nzima, na wote wawili watakuwa sahihi, kwa sababu seli zimekuwa kubwa kabla ya kuwa nyingi.

Hatua ya juu zaidi ni kupima RNA na protini zote mbili, RNA kwa kuimeng'enya na alkali na kusoma nanomita 260, protini kwa njia ya biureti. Kwa E. coli uwiano wa RNA kwa protini unapaswa kuwa karibu 0.2 pale kasi inapokuwa 0.6 kwa saa, na karibu 0.4 pale inapofika 1.5. Kisha ongeza antibiotiki ya kloramfenikoli kidogo sana, mikromolari 2 hadi 8, ambayo huzuia baadhi ya ribosomu. Ukuaji utashuka, ila safari hii uwiano utapanda badala ya kushuka: ribosomu zimezuiwa, na seli inajibu kwa kutengeneza nyingine zaidi huku ikibana fungu la vimeng'enya. Chora mistari hiyo miwili kwenye grafu moja, wa chakula na wa dawa, nawe utaona kwamba kasi ileile ya ukuaji inaweza kutokana na migawanyo miwili iliyo kinyume.

Chupa zote, zikiwemo za kloramfenikoli, zitakaswe kwenye otoklevu kabla ya kuoshwa. Kama otoklevu ina foleni, ziachwe usiku kucha ndani ya dawa yenye klorini zikiwa na lebo ya jina la bakteria na tarehe. Kyuveti za plastiki zilowekwe kwa nusu saa katika dawa hiyohiyo. Sampuli zenye klorofomu zisiingizwe kwenye otoklevu wala kuchanganywa na klorini. Zikusanywe kwenye chupa ya taka za kemikali yenye kifuniko, ikae ndani ya kabati la kuvutia hewa.